Nani Alichinja Mbuzi wa Kamulu?

Jumapili, saa nne asubuhi. Hapa mtaani Umoja kuna mawingu, na manyunyu yanakuja na kwenda kama mgeni asiyejua mlango ni upi. Mama Mwende ameenda kanisani bila mimi. Nilimwambia nina mgongo. Na kweli mgongo ninao.

Wacha nianze na jambo ambalo kazini wote wanalijua ila hawana nguvu ya kulisema: bila mimi lile duka la jumla lingekuwa limefungwa. Magodoro yangekuwa yamelala stoo hadi yaote ukungu, na mabeseni yangezeeka kwenye rafu. Nina miezi mitatu tu pale, dereva wa pikapi, lakini tayari wateja wa mtaa wa Tena wanapiga simu kuuliza, "Ni Kioko analeta ama ni mtu mwingine?" Wakiambiwa ni mwingine, wanasema basi heri kesho. Hata mwenye duka mwenyewe alinipita mlangoni siku moja, akanitazama, akatikisa kichwa. Mtu mkubwa namna ile hatikisi kichwa bure.

Lakini sikuja hapa mtandaoni kujisifu. Nimekuja kwa sababu nimechoka, na nyumba haina mtu wa kumwambia.

Nimechoshwa na matembezi.

Nilipopata hii kazi nilidhani kazi ni kazi. Unafika saa mbili, unapakia, unapeleka, unarudi, unakunywa chai, siku imeisha. Hakuna aliyenidokezea kwamba kazi za siku hizi zinakuja na matembezi ya kufurahi. Tena kila mwezi! Madam Halima, msimamizi wetu wa ofisi, ni mwanamke mpole, ana akili, hijabu yake imenyooka kama iliyopigwa rula. Ila ana ugonjwa mmoja. Anaamini kwamba watu wazima hawawezi kufanya kazi pamoja mpaka wapelekwe mahali wakaruke ndani ya gunia.

Mwezi wa kwanza tulipelekwa kuona twiga. Mimi, twiga? Nilipokuwa naendesha lori barabara ya Mombasa, twiga walikuwa wananisimamisha kuniuliza saa. Nikawaambia hivyo wenzangu garini, wakacheka. Nikawaambia na habari ya simba niliyemfukuza Mtito Andei kwa spana. Hapo walinyamaza. Mtu akinyamaza ujue amekuheshimu.

Mwezi wa pili tukapandishwa vilima vya Ngong. Nilipanda vizuri mpaka pale kwa mama wa mahindi ya kuchoma, halafu nikasema lazima mtu mmoja arudi kulinda basi. Dereva wa basi alikuwemo ndani, amelala. Ulinzi haujawahi kuzidi.

Mwezi wa tatu ndio huu, na huu haukuwa wa mchezo. Ijumaa ijayo majaribio yangu yanaisha. Madam Halima anaandika karatasi moja tu: Kioko abaki, au Kioko aende. Nilikaa miaka miwili nyumbani bila kazi, nimesimama sebuleni kama kabati, watu wananizunguka wakipita. Sasa Mama Mwende ameanza tena kusema "Baba Mwende yuko kazini" akiongea na majirani kwenye kamba ya nguo, na anaisema kwa sauti hata wakiwa karibu. Sitaki kurudi kuwa kabati.

Aliyenipeleka pale ni Mzee Yusuf. Ni jirani yangu, nyumba ya tatu kutoka kwetu, mtu wa stoo katika lile duka kwa zaidi ya miaka ishirini, ndevu nyeupe, sauti ya chini. Alimwambia Madam Halima mbele yangu: "Huyu anaongea sana, lakini ni mtu wa kweli."

Niliyapenda maneno hayo kuliko mshahara.

Sasa, jana. Matembezi ya mwezi wa tatu yalikuwa kwenye uwanja wa kukodisha kule Kamulu, Kangundo Road. Nyasi, miti michache, kivuli cha mabati, na mbuzi wawili wa kuchoma. Hapa kuna desturi yetu kazini ambayo hakuna aliyeiandika mahali popote. Tuko watu ishirini na kitu, karibu nusu ni Waislamu. Kwa hiyo mbuzi wa kazini huchinjwa na Mzee Yusuf. Siku zote. Yeye akichinja, wa msikitini anakula na wa kanisani anakula, sinia moja, hakuna nyama ya kando. Hata buchari za hapa mtaani ni hivyo hivyo. Ni jambo rahisi, watu hawaliongelei, kama vile hawaongelei kuvua viatu mlangoni.

Mpango ulikuwa mimi nitangulie alfajiri na pikapi: mbuzi, kuni, sufuria, mchele, kreti za soda. Wengine waje na basi saa nne. Mzee Yusuf akifika, achinje.

Mpango mbovu. Ukichinja saa nne, watu ishirini watakula saa ngapi? Saa tisa! Nilisema hivyo kwenye chai ya Alhamisi, na kwa bahati mbaya sikuishia hapo. Brayo, yule wa kaunta, akaniuliza, "Kwani Anko wewe unajua kuchinja?"

Mtu anamuuliza Mkamba wa Mwala kama anajua mbuzi.

Nikamwambia nilichinja fahali wa harusi ya kaka yangu nikiwa na miaka kumi na miwili. Kwa mkono mmoja. Mkono wa pili nilikuwa nimeshika uji.

"Uji, Anko?"

"Uji wa moto."

"Zii, hapana, hapo umetupima."

Wote wakacheka, na Mzee Yusuf alicheka pia, mabega yakimtikisika, mpaka akaweka kikombe chini. Nilifurahi. Nilienda nyumbani nikiwa nimefurahi.

Basi jana saa kumi na mbili nikaondoka na mbuzi wangu wawili, mweupe na wa kahawia. Hata sijafika mbali, nikasikia yule wa kahawia analia vibaya. Kumbe kuni zimesogea zikambana mguu. Nikasimama nikamtoa, nikamweka mbele kiti cha abiria, nikamfunga mkanda. Hilo si muhimu. Nalitaja tu.

Kamulu nilipokewa na Guyo. Guyo ni mlinzi wa ule uwanja na ndiye mchunga ng'ombe wa mwenye shamba, Mborana mrefu, mwembamba, kofia nyeupe ya kufuma kichwani. Akawatazama mbuzi, akanitazama mimi.

"Nani anachinja?"

Hapo ndipo nilipopata wazo. Na hata leo, na hasira zangu zote, nasema lilikuwa wazo zuri. Guyo ni Mwislamu. Guyo akichinja sasa hivi, nyama itakuwa motoni basi likifika, Mzee Yusuf atapumzika, na kila mtu atakula sinia moja kama kawaida. Nikamwomba. Nikamwahidi ngozi na vichwa. Akakubali, akatafuta kisu chake, akapima kibla kwa jua, akaanza kazi.

Mimi wakati huo nilikuwa na shughuli kidogo garini.

Nilipotoka, kazi ilikuwa imeisha. Guyo alichuna, akakata, akapanga nyama juu ya wavu kwa ustadi wa mtu aliyezaliwa nao, akanawa, akasema anapeleka ng'ombe malishoni, akaenda zake. Mimi nikabaki na moto. Nilipepea ule moto vizuri sana. Mchuzi wa mifupa ukaenda kwenye pilau, harufu ikatoka mpaka barabarani.

Basi lilipoingia, watu walikuwa wametoa vichwa madirishani. Brayo aliruka kabla halijasimama, simu mkononi, tayari anapiga video.

"Anko! Kumbe hukuwa unatupima? Ni wewe umechinja?"

Nataka kueleza hapa, maana nimelifikiria usiku kucha. Miezi mitatu nimekuwa yule mzee wa pikapi. Leta pikapi, rudisha pikapi. Sasa watu ishirini wameshuka, wamesimama nusu duara, wananiangalia mimi. Madam Halima anatabasamu. Kuna mwanamke wa ofisini amepiga kigelegele kwa sababu ya harufu. Na swali limeulizwa, linaning'inia pale.

"Nani mwingine?" nikasema.

Na mdomo ukifunguka mahali pale haujui kufunga. Nikaonyesha nilivyomshika yule wa kahawia, goti hapa, mkono kule. Nikasema yule mweupe alipoona hivyo alijileta mwenyewe, kwa heshima, akalala. Brayo anapiga video, anacheka hadi simu inatikisika. Nikaongeza kidogo kuhusu kisu.

Ndipo nikaona Madam Halima ameweka ile birika ya chai chini. Polepole, kama mtu anayeweka kitu asiamshe mtoto.

Watu wengine wakaacha kucheka. Sio wote kwa pamoja. Mmoja hapa, mmoja pale, kama taa za mtaa zinavyozimika.

Mzee Yusuf ndiye aliyeshuka wa mwisho. Mkononi alikuwa ameshika kisu chake, amekifunga kwenye kitambaa cha jikoni chenye maua. Namjua yule mzee, najua alikinoa juzi jioni pale mlangoni kwake, na huenda alijaribu makali kwenye ukucha kama anavyofanya.

"Umechinja wewe, Kioko?"

Hakuuliza kwa hasira. Angeuliza kwa hasira ningejibu vizuri zaidi. Ilihitaji sentensi moja tu: hapana mzee, ni Guyo, Mwislamu mwenzako, yuko kule na ng'ombe. Lakini simu ya Brayo bado ilikuwa juu, na nilikuwa nimeshamaliza kuonyesha goti.

"Ndiyo, mzee wangu. Nilitaka upumzike."

Akaitikia kwa kichwa. Akarudisha kile kisu kwenye mfuko.

"Basi nyinyi kuleni," akasema. "Sisi tuko sawa."

Sisi tuko sawa! Heri angenizaba kofi.

Watu kumi hawakula. Nyama hawakugusa, na pilau hawakugusa kwa sababu ya mchuzi. Madam Halima, ambaye alikuwa amepanga ile siku kwa wiki tatu, alikaa kwenye mkeka akawakatia wenzake mkate na kuwagawia kachumbari na soda, na anatabasamu, anamwambia kila mtu, "Chukua, kuna nyingine." Na hawa wetu wa kanisani waliokuwa na nyama hawakuweza kuila. Utatafuna vipi mbavu wakati mwenzako anapaka kachumbari kwenye mkate? Brayo alichukua mfupa, akautazama, akaurudisha. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, simu alikuwa ameiweka mfukoni.

Kisha wakaanza michezo. Njaa na magunia! Watu wanaruka bila kuongea. Nimewahi kwenda matanga yaliyochangamka zaidi.

Mimi mwenyewe sikula pia. Nilichukua mkate nikakaa nao, na nikaona mmoja au wawili wananiangalia kwa huruma, wakidhani nimejinyima kwa ajili yao.

Ilipofika saa saba sikuweza tena. Nikamwendea Mzee Yusuf, amekaa juu ya kreti iliyogeuzwa. Madam Halima alikuwa karibu naye.

"Mzee," nikasema, "ile nyama ni halali."

Madam Halima akageuka.

"Sikuchinja mimi. Ni yule mlinzi wa hapa, anaitwa Guyo. Ni Mwislamu. Alielekea kibla, alisoma, kila kitu."

Mzee Yusuf alinitazama. Nilidhani atafurahi. Kwa nini nilidhani hivyo?

"Kioko," akasema, "habari ya fahali na uji nilicheka. Simba nilicheka. Hili usinichezee."

"Mzee, nakwambia ukweli!"

"Na asubuhi?"

Madam Halima ndiye aliyesema, na alisema kwa upole, ndio maana inauma mpaka sasa.

"Anko Kioko, asubuhi ulisema umechinja, tukakuamini. Sasa unasema hukuchinja. Tukuamini tena? Wewe tuambie tuchague lipi."

"Chagueni hili la sasa."

"Kwa sababu gani?"

Miaka hamsini na moja nimeishi duniani nikiongea, na nilipoulizwa sababu ya kuaminiwa sikuwa na hata moja.

Halafu Mzee Yusuf akageuza uso akatazama magunia, akasema kwa sauti ya chini, kama anaongea na ndevu zake, "Na mimi nilisema huyu ni mtu wa kweli."

Basi nikaondoka. Nikasema namleta Guyo mwenyewe. Namba yake ya simu sikuwa nayo, maana nani anachukua namba ya mtu anayeamini hatamhitaji tena? Pikapi haingepita, kuna korongo. Nikaenda kwa miguu, jua la saa saba, nimevaa ile tisheti ya kijani ya matembezi ambayo Madam Halima alinichagulia kwa kunikadiria kwa macho, na alinikadiria kwa wema mno, maana tumbo lote liko nje. Miiba. Vumbi. Nikavuka kilima cha kwanza hakuna ng'ombe. Nikavuka cha pili, nikaona ng'ombe wa mtu mwingine kabisa, na mbwa wao akaniona. Niseme tu kwamba nilikimbia vizuri kuliko yeyote aliyekuwa kwenye gunia.

Nikampata Guyo kwenye bwawa, amekaa chini ya mgunga anatafuna kijiti. Nikamweleza nikihema. Alisikiliza yote.

"Kwa nini uliwaambia ni wewe?"

"Guyo, ndugu yangu, twende tu."

"Ng'ombe siwaachi."

"Wachache tu hawa, hawatapotea."

"Si wangu. Siwaachi."

Kwa hiyo tulirudi na ng'ombe. Wote kumi na mmoja. Tuliingia uwanjani kwa msafara, Guyo mbele, mimi nyuma na fimbo ya kuazimwa, na ng'ombe wakapita katikati ya mashindano ya kuvuta kamba. Wanawake wa ofisini wakapanda juu ya mabenchi. Ndama mmoja aliitwaa gunia la mashindano akaanza kulitafuna, na hakuna aliyekuwa na nguvu ya kumnyang'anya.

Mzee Yusuf alisimama. Wakasalimiana na Guyo salamu ndefu, mikono miwili. Akamuuliza kwao ni wapi. Akamuuliza kisu kiko wapi, Guyo akakitoa, mzee akagusa makali kwa ukucha. Akamuuliza alisoma nini, Guyo akamwambia, na akamwonyesha kibla alikoelekea, na mahali penyewe, damu iliyofukiwa mchanga. Watu wote wakasogea kuona, hata Brayo.

"Wote wawili ni wewe?"

"Wote wawili ni mimi, mzee."

Ndipo Mzee Yusuf akanielekeza kwa kidevu.

"Na huyu? Huyu alikuwa wapi?"

Guyo alinitazama. Alikuwa ameniona, najua alikuwa ameniona, maana alikuja kugonga kioo cha pikapi kuomba maji ya kunawa. Alitafuna kile kijiti chake mara mbili tatu.

"Huyu alikuwa karibu," akasema.

Mungu ambariki yule Mborana, yeye na ng'ombe wote wa mwajiri wake.

Madam Halima ndiye aliyeanza kucheka. Aliziba mdomo kwa ncha ya hijabu, akashindwa, akakaa chini kwenye mkeka. Halafu wote. Brayo akapiga magoti akaonyesha jinsi mbuzi mweupe "alivyojileta mwenyewe kwa heshima", na watu wakalala kwenye nyasi. Nyama ikarudishwa motoni. Mzee Yusuf akafungua kile kitambaa cha maua, akatoa kisu chake kilichonolewa bure, akakaa kwenye sinia kubwa akaanza kuwakatia watu, na Guyo amekaa kulia kwake kama mgeni wa heshima. Wakala mpaka jua likapoa. Kila mtu, sinia moja.

Mzee Yusuf akakata kipande kizuri, paja la nje, limekauka sawasawa, akaninyooshea.

"Kula, bwana mdogo. Yameisha."

Nikasema nina jino linaloniuma.

"Mwacheni," akawaambia wengine. "Ana haya." Akasema kwa kunisifu.

Tulipokuwa tunapakia sufuria, Madam Halima akanijia kando. Nikajua ndiyo hiyo sasa, karatasi inaandikiwa hapa hapa Kamulu. Akanitazama miguu iliyochanwa na miiba.

"Ungeweza kutuacha tu na njaa, tungesahau," akasema. "Jumatatu uje na picha mbili za pasipoti na nakala ya kitambulisho."

Picha za pasipoti huombwi ukifukuzwa. Nimeuliza watu wawili, wamethibitisha.

"Na matembezi ya mwezi ujao, Anko," akaongeza, "wewe utabeba soda. Soda peke yake."

Mwezi ujao! Kumbe kuna mwezi ujao! Tunapelekwa kuendesha mitumbwi, nimesikia. Nani aliwaambia hawa watu kwamba dereva wa pikapi anataka kuingia kwenye mtumbwi? Nimechoka, kweli nimechoka, miguu inawaka, mgongo ni kama umefungwa waya, na tisheti ya kijani ilibidi Mama Mwende anisaidie kuivua.

Na ile video iko mtaani. Brayo aliituma kwenye kundi la kazini, mtu akaituma kwingine, na asubuhi hii fundi wa viatu hapa kona amenisalimia kwa kupiga goti. Mama Mwende aliiona wakati wa chai. Aliitazama mara mbili, akaweka simu mezani.

"Wewe?" akasema.

Neno hilo moja tu. Akachukua Biblia yake akaenda. Kila Krismasi mimi hutoka kwenda kununua makaa wakati kuku anachinjwa, na kila Krismasi nikirudi na makaa namkuta yeye ameshamnyonyoa. Hatujawahi kulizungumza. Tuna makaa mengi sana katika nyumba hii.

Sitakwenda mitumbwi. Ama nitakwenda, lakini nitanyamaza. Je, mtu wa umri wangu anaweza kujifunza kunyamaza, au ni kama kujifunza kuogelea, unaanza mdogo?

Sasa hivi watu wako kanisani, hakuna anayesoma hapa. Wacha niliweke wazi.

Yule mbuzi wa kahawia, kutoka Umoja mpaka Kamulu, nilimsimulia. Simba, fahali, uji, twiga, yote. Alikaa kwenye kile kiti na mkanda wake, akanitazama njia nzima, hakunikatiza, hakusema zii. Habari ya spana niliirudia mara mbili kwa sababu nilimwona ameipenda. Tulipofika hakutaka kushuka, ilibidi Guyo ndiye amtoe.

Shughuli niliyokuwa nayo garini ni hii: nilipandisha vioo, nikaweka redio sauti ya mwisho, nikalala kifudifudi juu ya kiti chake. Redioni kulikuwa na tangazo la sabuni ya kufulia. Nililia mpaka likaisha. Likafuata la dawa ya mende, na hilo pia nikalilia.